Bwana Harusi Hakunywa Maji

Saa mbili asubuhi, lango la bwawa la kuogelea bado limefungwa, na Mama Filimbi amepiga magoti kwenye vigae vilivyolowa. Mbele yake amelala mwanasesere mkubwa wa plastiki. Wanafunzi wake, kina mama watano na baba mmoja mwenye kitambi, wamemzunguka.

"Haya, katolewa majini, hapumui. Unafanya nini?"

"Namkamua tumbo atapike maji aliyokunywa," anajibu yule baba, bila wasiwasi hata chembe.

Filimbi inalia, priii! "Nani kanywa? Huyu alikuja kuogelea au alikuja kunywa chai?"

Wanacheka mpaka wanashikana mabega. Lakini mama huyu, mlinzi wa waogeleaji hapa mwaka wa kumi na moja sasa, hana utani na neno hilo. Tukishasema mtu "amekunywa maji", basi wote mbio tumboni: huyu anakandamiza, yule anataka aning'inizwe miguu juu. Na mwenzao anazidi kukosa hewa.

"Tumbo halina shida. Shida iko hapa," anasema, akijigonga kifua. "Maji yamepita njia ya hewa. Ukimkamua anatapika, na matapishi nayo yanaingia mapafuni. Sasa hapo umemwokoa au umemmaliza?"

Mwezi uliopita, neno hilo nusura liondoke na bwana harusi.

Alikuwa fundi cherehani, zimebaki siku tatu afunge ndoa, na alikuja na mchumba wake kupunga upepo. Kuogelea hajui. Ila mbele ya mchumba, mwanamume gani atasema hajui kitu? Akajirusha upande wa kina kirefu. Hakupiga kelele wala hakupunga mkono. Anayezama pumzi ya kupigia kelele ataitoa wapi? Mama Filimbi aliona kichwa kikizama na kuibuka, mdomo wazi, akaingia na viatu vyake.

Alipomlaza kando, midomo ilikuwa imebadilika rangi. Watu wakajaa. "Mpindueni kichwa chini! Amekunywa maji mengi huyo!"

"Nikawaambia, atakayemgusa namtosa yeye," anasimulia. Akambana pua, akampulizia pumzi tano mdomoni, kisha akaanza kukandamiza kifua. Mchumba amesimama pale, mikono kichwani, analia: "Mama, usimwache! Mama, nakuomba!"

"Niliogopa, sikufichi," anasema Mama Filimbi. "Nilijua huyu akiondoka, na binti yule naye nimempoteza."

Kijana akakohoa. Akatoa povu, akafumbua macho, akatazama umati ule, na neno lake la kwanza likawa, "Suruali yangu iko wapi?"

Akataka kwenda nyumbani. Suti yake ya harusi haijashonwa vifungo, atalalaje hospitali? Ndugu zake nao wakasema mzima huyu, mwacheni. Mama Filimbi akaiona suruali kwenye kiti, akaenda akaikalia.

"Nikamwambia, mwanangu, nenda unakotaka. Lakini suruali utaivalia hospitali."

Jioni ile ile, wodini, pumzi zikaanza kumwenda mbio na kifua kikawa kinakoroma. Wakamwekea oksijeni haraka. Muuguzi ndiye aliyewaeleza: ndani ya mapafu kuna vifuko vidogo vya hewa, vina utando mwembamba unaovizuia visigandamane. Maji yasiyo na chumvi, ya bwawa, ya mto au ya kisima, yanauharibu utando huo. Vifuko vinanatana kama mfuko wa plastiki uliolowa, hewa inakosa pa kupita, na mapafu yanaweza kuendelea kujaa maji saa kadhaa baada ya mtu kutoka bwawani. Angelala nyumbani, huenda asingeamka.

Harusi ilisogezwa wiki moja. Vifungo akashona bibi harusi. Siku yenyewe mshereheshaji akapaza sauti, "Aliyembusu bwana harusi kabla ya bibi harusi, asimame!"

"Nikasimama," anasema Mama Filimbi. "Kwani niliiba?"

Sasa ana mpango wake, na meneja amempa saa moja kila asubuhi kabla ya kufungua: kila familia inayokuja kuogelea iwe na mtu mmoja anayejua kupuliza. Akishamaliza wa hapa, anataka kwenda kwa waoshaji magari wa mtoni, kisha shuleni.

Miongoni mwa wale kina mama watano, anayepiga magoti sasa ni bibi harusi mwenyewe. Mumewe yuko upande wa maji mafupi, ameng'ang'ania ukingo kwa mikono miwili, anajifunza kupiga miguu. Mke anambana mwanasesere pua, anapuliza. Kifua cha plastiki kinapanda.

"Siku ile nilisimama tu nikalia," anasema, akijifuta mdomo. "Haitatokea tena. Mama nampenda sana, lakini safari ijayo mume wangu nambusu mwenyewe."