Uso Aliouacha Kharkiv

Mwalimu Evodia alipostaafu alirudi kijijini kwao Mkonze, akalima alizeti, na watu wakasahau kwamba aliwahi kuwa mchoraji. Mwenyewe aliwaacha wasahau.

Miaka ya themanini alipelekwa Kharkiv, Ukraine, kusomea sanaa. Bwenini alikaa chumba kimoja na Halyna, msichana aliyejichora kila alipofikwa na jambo. Alipoachwa na mchumba, alijichora. Mama yake alipokufa, alijichora macho yamevimba, nywele timutimu.

"Nikijichora ndipo najua kilichonipata," alimwambia Evodia kwa Kirusi. "Jaribu na wewe."

Evodia alikaa mbele ya kioo juma zima, akatoa sura nzuri, laini. Ila kovu la duara katikati ya paji la uso, alilochomwa utotoni na bibi yake kutibu macho kama Wagogo wengi wa rika lake, hakulichora. Wenzake walikuwa wakilikodolea macho kila siku, naye alichoka kulieleza.

Halyna aliitazama picha kwa muda. "Huyu simjui."

"Ndivyo ninavyotaka kuonekana."

"Basi nitakaa nayo. Siku ukijichora wewe hasa, nitumie, nami nikurudishie hii."

Evodia akaahidi. Akarudi nyumbani, akafundisha watoto wa watu kuchora vikombe na maboga, akaolewa, akazaa, akazika mume. Kila lililompata alisema atalichora likipoa.

Mwaka juzi binti yake, Lea, alimletea simu. Mtoto wa Halyna alikuwa amemtafuta mtandaoni. Mama amefariki, aliandika, na picha zake zinaoneshwa pamoja na za wanawake wengine wa Ukraine waliojichora. Katika vitu vyake wamekuta hii ya msichana Mwafrika. Je, ni wewe?

Evodia aliikazia macho ile sura laini. "Mwambie ni mimi," akasema, kisha akasita. "Hapana. Mwambie niliichora mimi."

"Si ni kitu kimoja, mama?"

"Siyo, mwanangu. Na aliyestahili kuelezwa hayo hayupo tena."

Juma lililofuata alinunua karatasi na penseli mjini, akaketi mbele ya kioo cha chumbani. Sura ya yule msichana mpweke wa Kharkiv haikuwa humo tena. Akachora iliyokuwapo, akianza na kovu la kwenye paji la uso.

Mchana Lea alimkuta analia, akauliza kama anaumwa.

"Siumwi. Nimefika kwenye mdomo tu. Sikujua kama nimekuwa mtu mwenye uchungu kiasi hiki."

Lea akaketi sakafuni kando yake.