Siku Walipochoma Kanda za Mjomba

Juzi nilikuwa sokoni Machakos, mkono ndani ya gunia la ndengu, kijana anayeuza chaja za simu akawasha spika yake. Magitaa yakalia kwa hasira, ngoma zikafuata kama mvua ya mawe kwenye mabati, nami nikasahau nilichokuja kununua. Mama wa ndengu akaniuliza kama niko mgonjwa. Sikuwa mgonjwa, rafiki yangu. Nilikuwa Mwala, kwa susu, likizo ya Agosti, miaka ya tisini ikielekea mwisho.

Susu ndiye nyanya yangu, mzaa mama. Mwaka ule mjomba, kitinda mimba wake, alikuwa amefutwa kazi ya gereji Nairobi akarudi nyumbani na redio ya kaseti, betri ya gari na mfuko wa kanda zenye picha za mafuvu. Hata blanketi hakuleta. Muziki wake ulikuwa roki na metali, nyimbo ndefu mpaka chai inapoa, na kila ukidhani umezizoea zinageuka. Waimbaji walinguruma. Siku ya kwanza kuku walikimbilia chini ya ghala, nami nilitamani kwenda nao.

Nilianza kuupenda kwenye kinu. Mimi na susu tulikuwa tukitwanga mahindi ya muthokoi, kuyatoa maganda, kwa kupokezana, mchi wake ukishuka wangu ukipanda, redio ikiwa dirishani. Muziki ulinipiga chenga, michi ikagongana, viganja vikawaka moto. Mjomba akacheka. "Wacha kuhesabu nne," akaniambia. "Hapa wanapiga saba. Sikia ngoma, usisikie kelele."

Sikuelewa. Aliyeelewa ni susu. Alifumba macho kidogo, kisha mchi wake ukaingia katikati ya zile ngoma sawasawa. Akasema hao watu wanapiga kama wapigaji wa kilumi, ngoma ya kuombea mvua aliyoicheza ujanani mpaka watu wa kanisa wakamchomea ngoma zake. Tangu hapo tulitwanga kwa saba, pumba zikituruka usoni, na sijala tena muthokoi mtamu kama ule.

Shida ilikuwa mvua. Ilikataa, na ng'ombe wa jirani wakaanza kufa mmoja mmoja. Jirani huyo alikuwa mzee wa kanisa, na mhubiri mgeni alipowaambia waumini kwamba kuna boma linalomwabudu shetani kwa redio, hakuhitaji kuelekezwa. Alikuja kumwonya mjomba, kwa upole kabisa, akanywa na chai yetu. Mjomba akamjibu kwamba kazi imekwenda, mke amekwenda, na hizi kanda ndizo zinazomfanya aamke asubuhi. Hatazitoa.

Jumapili baada ya ibada walikuja wanaume na rungu, bado wamevaa nguo za kanisani. Redio waliikanyaga mpaka ikatoa nyaya. Kanda wakazimwagia mafuta ya taa uani, zikawaka kwa moshi mweusi uliotukaba koo. Mjomba akaingiza mikono motoni. Wakamvuta kwa miguu, akamng'ata mmoja mpaka akatema damu isiyo yake, ndipo jirani akamshushia rungu la sikio. Niliusikia ule mlio kama kibuyu kimeangukia jiwe. Damu ikatoka sikioni ikashuka hadi kwenye kola.

Susu akatoka jikoni na mchi. Hakupiga yowe. Alimpiga jirani mkononi, mfupa ukavunjika tukasikia wote, kisha akauinua mchi tena. Akamwambia kwa Kikamba, "Ngoma zangu baba yako alichoma, nikanyamaza. Leo sinyamazi."

Walitawanyika, mmoja akaacha kiatu. Mimi nilisimama pale nikiutazama ule mkono wa mzee wa kanisa ukining'inia, nikafurahi. Hata leo nafurahi, na Mungu akitaka kunisamehe anisamehe. Hospitalini daktari alisema sikio la kushoto la mjomba limekufa.

Sasa susu hayupo. Kinu kililiwa na mchwa, na muthokoi tunanunua umeshakobolewa kwa mashine. Kanisa lilelile lina gitaa la umeme na ngoma za chuma, vijana wanazigonga kila Jumapili mpaka madirisha yanatetemeka, na hakuna anayezimwagia mafuta ya taa. Inaniuma kwamba hawajui kulikuwa na ugomvi.

Basi siku hiyo ya sokoni nilimwomba yule kijana anitumie wimbo wake kwenye simu, nikaenda nao hadi Katelembo, anakofuga mbuzi mjomba siku hizi. Nikamvalisha spika za masikioni. Kidole chake kikaanza kugonga goti, nikahesabu saba. Kisha akachomoa ile ya sikio lililokufa akanipa. Akanieleza kwamba magitaa huwa mawili, kila moja na upande wake, na la upande huu hajalisikia tangu siku ile.

"Niambie linafanya nini," akasema.

Nikaiweka sikioni. Nikamwambia linapanda, sasa linagombana na mwenzake, sasa limemwacha atangulie, linamfuata. Maneno yakaniishia, ya Kikamba na ya Kiswahili, machozi yakaanza. Mjomba akaurudisha wimbo mwanzo, akaniambia nianze tena, polepole.