Alifia Bara

Ibra, mji wetu wa asili huku Oman, siku hizi ina ukumbi wa wakubwa wake. Jamaa wamekarabati nyumba kuukuu ya udongo, wakatundika picha za wanaume waliovuka bahari zamani, wakaingia bara, ndani kabisa ya Afrika, wakafungua njia na maduka kabla hakujawa na barabara. Kila picha ina maelezo yake kwa Kiarabu. Wote wamekunja uso, kana kwamba mpiga picha amewachelewesha.

Mmoja wao ni babake mama. Mama alizaliwa Tabora, akakulia Unguja. Nilimchukua kwa gari asubuhi kutoka Nizwa. Njiani alisinzia, akaamka, akaniuliza kama tumeshafika Tabora. Sikumsahihisha. Milima ilikuwa ikicheza kwenye joto, na hata mimi sikuwa na hakika tulipo.

Ndani ya ukumbi mlikuwa na ubaridi na harufu ya udi. Mwanga ulipenya madirishani ukalala sakafuni, na watu walizungumza chinichini. Mama alipita polepole mbele ya picha zile, akiwaamkia mmoja mmoja, shikamoo, shikamoo. Niliona haya kidogo, kisha nikajikuta nami nawainamishia kichwa.

Tukafika kwa babu. Maelezo yake yaliandikwa na binti wa jamaa, aliyekuwa amesimama palepale kutupokea, mwanafunzi wa chuo, mzaliwa wa huku, mwenye Kiswahili cha kuokoteza. Mama alikuwa amemhadithia kwa simu kwamba babu alifia bara. Binti akasikia "barra" ya Kiarabu, yaani nje, akaandika hivyo hivyo: alifia nje.

Mimi nilicheka. Mama hakucheka.

"Nje ya wapi?" akauliza.

"Nje ya Oman, bibi," binti akajibu kwa adabu.

"Kafia kitandani kwake, habibti. Mama yangu kamshika kichwa. Kama pale ni nje, basi mie mtoto wa nje."

Binti hakujua kwamba kwa Kiswahili mtoto wa nje ni aliyezaliwa bila ndoa. Wazee wa jamaa waliokuwamo ukumbini walijua, wakatazama sakafu, maana ndilo walilokuwa wakilinong'ona tangu turudi Oman: kwamba mke wa bara si mke, na watoto wake ni wa pembeni. Nilipandwa na hasira, nikataka kusema. Mama akanishika mkono.

"Nisamehe, bibi. Niandike nini?"

"Andika kafia nyumbani kwake, Tabora, mkewe yuko naye."

"Mkewe nani?"

Sikuwa nimepata kumsikia mama akilitaja jina la mamake mbele ya watu wa Ibra. Husema "marehemu mama," basi. Siku ile alilitaja, jina la Kinyamwezi, lote, na binti aliposhindwa kuliandika kwa herufi za Kiarabu, mama akamtamkia tena, kwa sauti kubwa zaidi.