Makufuli Mawili ya Duka la Baba

Hospitalini alikoshona na kutia viraka mashuka walimwita Kifungo, maana hakuna koti la daktari lililotoka mikononi mwake likiwa limepungukiwa kifungo. Ufundi aliutoa kwa baba yake, na wosia wa baba ulikuwa mfupi kuliko ugomvi ulioufuata. Nyumba iwe ya watoto wote watatu. Duka na cherehani, vya wana wawili wa kiume. Binti, ndiye Kifungo, apewe karatasi za kukatia nguo. Mzee alikuwa na tabia yake: kila mteja alimkatia karatasi za umbo lake, akaandika jina kwa penseli, akazitundika msumarini. Hata mteja akifa, hakuzitoa.

Za mama yao zilikuwa kwenye msumari wa mwisho. Mama alifariki Kifungo akiwa na miaka minne, bila kuacha picha hata moja. Alichokumbuka ni kuinua kichwa kumtazama, mrefu, mpana, ameziba mlango mzima. Alizitamani karatasi zile kuliko kitu chochote.

Lakini wapiganapo fahali wawili, ziumiazo ni nyasi. Kaka mkubwa, msimamizi wa mirathi, alifunga duka kwa kufuli lake. Kaka wa pili, asiyemwamini hata kwa salamu, akaongeza la kwake. Huyu akiwa tayari kufungua, yule ana udhuru. Miaka miwili ikapita hivyo. Kila akitoka kazini Kifungo alichungulia kwenye ufa wa mlango, na mvua zilipoanza akaona maji yanachuruzika ukutani kuelekea kwenye misumari.

"Kaka, paa linavuja," alimwambia mkubwa.

"Mwambie mwenzangu alete ufunguo wake."

"Kaka, nakuomba."

"Mdogo wangu, nikifungua leo, kesho cherehani zimeota miguu."

Mwishowe akawakutanisha kwa wakili. Fungu lake la nyumba wagawane wao, alisema, mradi duka lifunguliwe siku ileile.

Kaka mkubwa alimkodolea macho. "Unaacha nyumba kwa ajili ya makaratasi?"

"Nyumba nitapanga, kaka. Mama wa kupanga yuko wapi?"

Jioni ile makufuli yakafunguliwa. Karatasi nyingi zilikuwa zimeoza, ukizishika zinamong'onyoka. Za mama, kule mwisho ambako maji hayakufika, zilikuwa nzima.

Akanunua kitambaa, akakata bila kuongeza hata inchi moja, akashona gauni, akalivaa. Mabega yalibana. Mikono ya gauni haikufika kwenye vifundo vyake vya mkono. Vifungo vya mgongoni vilikataa katakata kukutana na matundu yake. Akadhani amekosea, akapima upya, mara mbili. Hakukosea. Mama aliyemlilia miaka arobaini alikuwa mwanamke mdogo, ambaye leo angemfikia masikioni.

Alilia kwanza. Kisha akalitundika gauni juu ya mlango, akapiga magoti mbele yake, akainua kichwa. Hapo ndipo alipomwona.