Siku Mjomba Yona Alipohamia Upande wa Bwana Harusi

Bora niseme mwenyewe kabla hamjasikia kwa watu wa Misigiri hapo jirani, maana wao wanaongeza chumvi. Ni kweli, mimi ndiye niliyekaribia kuvunja ndoa ya dada yangu Neema, na nilifanya hivyo kwa kompyuta, nikiwa na akili timamu.

Nina duka la stationery hapa Kiomboi, nachapa barua na kutoa kopi, kwa hiyo kamati ya sendofu, sherehe ya kumuaga bibi harusi, iliponifanya katibu na kunipa kazi ya kuandika orodha ya utambulisho wa ndugu nilijiona mtu wa maana (hapo ndipo ubaya ulipoanza). Mimi huandika maandishi matupu, yasiyo na jedwali wala urembo, kwenye programu niliyoipanga mwenyewe nipendavyo, nikibonyeza kitufe cha Tab mara moja tu jina linaruka mpaka upande wa pili wa ukurasa. Basi juu nikaandika "Ndugu wa bwana harusi", wao nikawapanga kushoto, chini yao sisi wa bibi harusi nikaturusha kulia, na kichwa cha upande wetu, "Ndugu wa bibi harusi", nikakifuta kwa sababu kilikuwa kinaharibu unadhifu, kwani nani asingeona kwamba kulia ni kwetu? Nikamtumia MC kwa simu, nikaenda kunyoa.

MC alitoka Singida Mjini, hamjui mtu hata mmoja, na kwenye simu yake ule mruko wangu ulikuwa kijinafasi kimoja tu, kwa hiyo koo zote mbili zilisimama mstari mmoja chini ya kichwa kimoja. Akatambulisha baba wa bwana harusi, mama, shangazi, vizuri kabisa. Kisha akatangaza, "Na mama mzazi wa pili wa bwana harusi!" (Huyo ni mama yangu. Alisikia jina lake, akasimama, akapunga mkono.) Halafu, "Mjomba mkubwa wa bwana harusi, Mzee Yona!"

Mjomba Yona hasikii vizuri, na kwetu Wanyiramba mjomba ni mtu mzito, kwa hiyo alivua kofia akashukuru kwa heshima aliyopewa.

Shangazi wa bwana harusi akasimama. "MC, hebu ngoja. Huyu mzee ndiye tuliyeletewa kwenye posa kuwa mjomba wa binti. Kama ni mjomba wa wote wawili, basi hawa watoto ni ndugu, na nyie mlijua mkatuficha!"

Mimi wakati huo nilikuwa jikoni nahesabu sahani, sijasikia lolote, nikaingia ukumbini nikiwa na kreti ya soda, na MC akaniuliza kwenye kipaza sauti, "Katibu, orodha hii ni sahihi?"

Nikasema, "Sahihi kabisa, nimeihakiki mwenyewe."

Bibi yake bwana harusi akaanza kulia kwa sauti. Wazee wa pande zote wakaingia chumba cha nyuma, mipango ya harusi ikasimamishwa mpaka ukweli ujulikane, na Neema akabaki peke yake pale mbele karibu na keki, ananitazama, machozi yanaharibu vipodozi. Niliona aibu, nikaiweka kreti chini.

Nikaitwa ndani na kompyuta yangu. Nikawaonyesha babu yangu na wazee wenzake orodha, kisha simu ya MC.

Babu akavaa miwani. "Kwa hiyo kwenye mashine yako Yona ni wa kwetu, kwenye ya huyu MC ni wa kwao?"

"Ndiyo, babu. Ni mipangilio tu."

"Mjomba anabadilika kwa mipangilio?"

Nikaifunga kompyuta. Wazee hawakuziamini mashine zote mbili, wakataja kwa midomo ukoo wa kila upande mpaka mababu wa mababu, na wali ukapoa, ndipo shangazi wa bwana harusi akatoka akasema, "Haya, waoane."

Siku chache baadaye wakaoana. Tangu sendofu ile sitegemei nafasi tupu iseme jambo, kila jina naandika ni nani, wa nani, wa upande gani, hata kwenye tangazo la kuku aliyepotea.

Mwezi uliopita Neema aliniletea dukani orodha ya ubatizo wa mtoto wake nichape kopi. Alikuwa ameiandika mwenyewe kwa kalamu. Mbele ya jina langu aliandika: mjomba wa mtoto, kaka wa mama, upande wa mama. Kisha akapiga mstari chini yake, mara mbili, akasubiri mpaka nikamaliza kuisoma.