Vile Tulilala Kalunguta

Mi ni mutu wa kuogopa, nasema ile mbele ya yote, asikuje mutu kunisumbua na maulizo. Niliogopa tangu tunafunga mizigo ku pikipiki, pale kwetu Rughenda, mu Butembo, na bwana yangu anacheka tu sawa mutu mwenye anaenda ku arusi. Tulikuwa tunaenda mpaka Kisangani, anioneshe kwa mama yake mwenye alikuwa hajaniona hata siku moja. Kisangani! Na pikipiki! Batu ya kwetu bakifika tu Beni banamushukuru Mungu.

"Tukichoka tutapiga kambi," anasema. Ku simu alikuwa ameona bazungu banalala mu hema kando ya barabara, banakunywa kahawa, banacheka. Nikamuambia: "Aka! Bale habajapita huku." Hapana sikia. Yeye ni mutu wa huko ku mto. Alikuja Butembo kufundisha hesabu, akanioa mimi, na Kiswahili yake mpaka leo ni nusu Lingala. Kinande, luga ya kwetu, ndiyo hajue hata kidogo.

Ku Kalunguta, mbele ya kufika Beni, chaîne, ile munyororo ya pikipiki, ikakatika. Mvua ilikuwa imenyesha, tukasukuma mu matope, tukasukuma, mpaka tukaambiwa basoda ya serikali bamekwisha kufunga barrière ya mbele, hakuna mutu wa kupita tena mpaka asubui. Basi, ile kambi yake akaipata. Mama moja mwenye shamba ya mihogo akatuonesha fasi ya kufunga bâche, ile turubai yetu, nyuma ya nyumba yake, kati ya migomba. Mi nilimusalimia Kinande, "Wasibire, mama," uso yake ikafunguka. Bwana yangu akamusalimia Lingala, "Mbote, mama." Uso ikafunga. Sikumukasirikia. Fasi ile batu bamekatwa na bauaji mu mashamba yao, jua iko juu, na mugeni mwenye hajue luga banamuangalia mara mbili. Mama akanivuta kando, akaniambia pole pole: "Uyu wako, hapana muache atembee peke yake."

Nikageuka nimuambie. Alikuwa amekwisha kushika bidon na kushuka kwa maji. Mutu murefu, botte ku miguu, koti nyeusi ya mvua mpaka ku magoti. Nikaita mara moja. Bonde ikamumeza.

Nikaweka sufuria ya bugali ku mafiga. Giza ilikuwa inaanza. Maji ilikuwa bado kuchemuka nikasikia, ng'ambo ya bonde, sufuria inapigwa. Kisha ingine. Kisha ingine, karibu zaidi.

Kwetu ile haina maelezo. Mutu akiona mugeni mu shamba jioni, anapiga sufuria. Mwenye anasikia anapiga yake, na jirani yake vile vile, mpaka kilima yote inalia. Bamama na batoto banakimbilia mu pori, bavijana banatoka na mapanga. Nilijua kupiga sufuria mbele nijue kusoma. Donc nikamwanga maji ku moto, moto ikazimika, nikashika mwiko, nikapiga. Nilipiga na nguvu yangu yote, mpaka chini ya sufuria ikabonyea. Mama wa shamba ananivuta mukono, "Kuja tuingie mu pori!", na mi bado napiga.

Njo pale kijana moja akapita mbio, anapaza sauti Kinande kwa benzake: ni mutu moja, murefu, ana koti nyeusi, tunamuita, hajibu!

Mama weee. Mwiko ikaanguka. Nikabaki nasema, "Hajui kujibu, hajui kujibu," na kumuambia nani? Nilipiga kelele bakomeshe, lakini kilima yote inalia, nani atasikia sauti ya mwanamuke moja? Niliomba Mungu vibaya, sawa mutu anagombana.

Kisha nikamuona. Anapanda mbio, anakuja kwetu kabisa, bidon ingali mu mukono, na nyuma yake bavijana na mapanga. Nikakimbia, nikamushika ku shingo, nikabageukia. Mi mwenye kuogopa panya! Nikabatukana Kinande yote ya nyanya yangu. "Uyu ni bwana yangu! Mukimukata, muanze na mimi!"

Kijana wa mbele alikuwa na panga juu. Kuangalia panga nilishindwa, nikaangalia vidole vyake. Akaniuliza baba yangu ni wa kilima gani. Nikasema. Akauliza ya babu. Nikasema. Panga ikashuka pole pole.

"Mama, lakini bwana yako ana kichwa gani?" akasema, pumuzi inamukatika. "Bengine bakisikia sufuria banakimbilia mu pori. Uyu anatukimbilia sisi! Tulisema sasa tumekufa."

Hatukuwasha moto tena. Tukaingia chini ya bâche, njaa mu tumbo, na hasira ikanipanda ile ya kweli. Nikamuambia: "Juu ya nini ulikimbilia batu? Mihogo yote ile, ulishindwa kujificha? Unataka nifike kwa mama yako na maiti?"

Akasogeza bidon kando.

"Kwetu," akasema, "jioni mama anapigaka sufuria, tutoke ku mto tukuje kula. Kila mama na sufuria yake, kila mutoto anajua ya kwao. Nilisikia zinalia kila upande, nikashangaa, bugali gani ya batu bengi vile? Kisha moja ikaanza huku ku migomba. Ilikuwa na nguvu kuliko zote. Nikajua ni weye unaniita."

Nilitaka kumuambia. Nikashika tu mukono yake, na ilikuwa baridi.

"Niliitika," akasema. "Haukunisikia? Niliitika njia yote."