Mbwa niliyemrudisha Isaka

Leo nimeaibika sokoni, jamani, na nimestahili.

Nimekutana na Mama Kulwa, tuliyekaa naye Isaka miaka ya tisini. Enzi hizo mume wangu alikuwa dereva wa malori, mimi nabaki na watoto tu. Mama Kulwa akanipa mbwa wa kulinda.

Mbwa mwenyewe mpole! Habweki kabisa, kazi kucheza na watoto. Baada ya mwezi nikamrudisha kwa mwenyewe, ng'ambo ya reli, nikasema mbele za watu, "Mama Kulwa, umenipa mbuzi."

Tangu hapo nikawa namkuta yule mbwa asubuhi mlangoni kwangu. Nilidhani anatafuta makombo. Nilimfukuza kwa ufagio, siku nyingine kwa mawe.

(Ndiyo, mawe. Nisemeni tu.)

Leo Mama Kulwa ananiambia, "Mwenzangu, yule mbwa alikuwa anakula kwangu, akishiba anavuka reli kwenda kulala kwako. Miaka minne! Habweki, lakini wezi walijua anauma. Jirani zako wote waliibiwa. Wewe je?"

Mimi sikupoteza hata kuku.

Nikamwambia, "Nisamehe, Mama Kulwa."

Akanitazama. "Mimi ulinikosea nini? Mawe hukunipiga mimi."